Jiwe la Kijani Lililomngoja Mama

Mwezi uliopita mafundi walikuja kuweka vigae katika duka la jirani yangu hapa Mbarara, na siku ile yote sikufanya kazi ya maana. Si kwa sababu ya kelele. Kelele za mji huu nimezizoea. Ilikuwa harufu. Jiwe linaposagwa huku likimwagiwa maji hutoa harufu yake lenyewe, ya vumbi lililoloa, yenye ukali kidogo unaobaki kooni, na mtu ambaye hakukulia karibu nayo anaweza kupita bila kuisikia. Mimi ilinikuta nimeinama juu ya meza, mkasi mkononi, nikakata mkono wa gauni la mteja mahali pasipostahili. Msichana ninayemfundisha kushona akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kichwa kinanigonga, maana ningeanzia wapi?

Nyinyi nitawaeleza, kwa kuwa hamnidai gauni.

Baba yangu alikuwa mchongaji wa mawe. Kwetu ni milima ya Kalehe, Kivu Kusini, na huko vijana wengi walichimba. Baba naye alichimba, mpaka mzee mmoja wa Bukavu alipomfundisha kuchukua jiwe ghafi, lenye ganda na makovu, na kuligeuza kitu cha kuvaliwa. Hakukata zile pembe nyingi zinazometameta mnazoziona katika pete za madukani. Yeye alitengeneza kaboshoni, jina ambalo nadhani Wabelgiji walituachia: jiwe lenye tako bapa na mgongo wa mviringo, laini pande zote, lisilo na kona hata moja ya kumkwaruza mtoto unapombeba. Hivyo ndivyo alivyowaeleza wateja, na wateja wenye watoto walielewa haraka.

Tulipofika Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda, nilikuwa bado mtoto wa kubebwa nusu ya njia. Tulipewa kiwanja upande wa Wakongo, baba akajenga nyumba ya udongo yenye turubai juu, akalima mahindi na maharage kama watu wote. Lakini mikono yake haikutulia. Siku moja alirudi kutoka mji mdogo wa Kaberebere akisukuma baiskeli isiyo na breki wala tandiko, majirani wakamcheka kwamba amenunua mifupa. Aliipindua magurudumu juu, akaifunga kwenye magogo mawili, akavua tairi la nyuma na kupitisha mkanda wa mpira kutoka kwenye rimu hadi kwenye chuma chembamba kilichobeba jiwe la kunolea. Ukizungusha pedali kwa mkono, jiwe lile lilienda kasi hadi likaimba. Na mzungushaji nilikuwa mimi.

Msidhani nilikuwa naonewa. Nilijiona mkubwa. Mkono wa kulia ulizungusha, wa kushoto ulibinya chupa ya plastiki yenye tundu kwenye kifuniko, maji yakadondoka palepale panapokutana jiwe na jiwe. Jiwe likisagwa kavu hupata moto na kupasuka, au nta inayolishika huyeyuka na jiwe lenyewe likarukia kwenye mahindi, mkalitafuta hadi jua kuzama. Baba aliwaambia wageni kwamba yeye ana mikono tu, lakini maji ni ya Zawadi. Zawadi ndiye mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa na mwendo wake, na hadi leo naweza kuifuata nikiwa nimefumba macho. Kwanza alisawazisha tako. Kisha aliweka juu yake kipande cha bati kilichotobolewa tundu la umbo la yai, akachora ukingo kwa ncha ya waya. Halafu alilibandika jiwe kichwani mwa kijiti kwa nta nyeusi aliyoipika mwenyewe kwa mishumaa, utomvu wa mti na vumbi la mkaa. Kijiti ndicho unachoshika. Jiwe ukilishika kwa vidole litakula kucha zako. Alisaga ukingo hadi kwenye mstari, ndipo akaanza kupandisha mgongo, kifundo cha mkono kikizunguka polepole bila kusimama. Baada ya hapo ulikuja msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini, na mwisho kabisa kipande cha ngozi kilichopakwa unga mweupe wa kung'arishia, ambao aliuficha kuliko sukari.

Alinifundisha kupima kwa mwanga wa mlango. Unalielekeza jiwe nje, na mstari wa mwanga unapita juu ya mgongo wake. Mstari ukijikunja, kuna mahali umeacha ubapa, rudi kwenye msasa. Mimi kila mara nilitaka kuruka hatua, nikamwambia imekwisha, imekwisha. Naye alijibu bila kuinua kichwa kwamba mimi siye wa kusema, mwanga ndio utasema.

Mawe ya kweli yaliletwa na Wakongo waliofika baada yetu, mtu kaficha vipande vyake viwili vitatu kwenye pindo la nguo. Mimi nilijifunzia kwenye vitako vya chupa za bia, ambavyo hung'aa vizuri ajabu ukivivumilia. Vile vilivyonitoka vizuri baba aliwagawia wanakwaya wa kanisa letu. Basi kila Jumapili walisimama mbele wamevaa bia shingoni, wale wale waliotukataza hata kupita karibu na baa, na mimi nikiimba nao kwa uso mkavu.

Lakini lilikuwapo jiwe moja ambalo halikuguswa. Lilikuwa la mama.

Baba alilichimba kabla sijazaliwa, akampa mama badala ya pete. Lilikuwa la kijani kizito, refu kama kidole gumba cha mtu mzima, lakini ukililowesha na kulielekeza kwenye jua uliona kwamba upande mmoja, ndani kabisa, lilikuwa na rangi ya waridi. Baba alinionyesha mara moja tu, siku za mwanzo Nakivale, akinikinga kwa mwili wake ili majirani wasione. Nikamwuliza kwa nini hakulichonga. Akacheka. Alisema mama alishindwa kuchagua umbo. Leo alitaka la duara, kesho la yai, na kila baba alipopasha nta moto, mama alimwambia asubiri kwanza, bado anafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri sana, mama yangu. Baba alisema hata nyanya sokoni alizigeuza hadi wauzaji wakamwomba aende nyumbani.

Asubuhi tuliyokimbia vita, mama alikuwa amekwenda kwa bibi, ng'ambo ya bonde. Baba alinichukua mimi, blanketi, mfuko wa vyombo vyake na lile jiwe, akaamini mama atapita njia nyingine na tutakutana mbele. Hatukukutana. Na pale Nakivale, nilipolia usiku wa kwanza katika nyumba mpya, alinipa ahadi ambayo niliishi nayo.

"Mama yako akifika, atachagua yeye mwenyewe," alisema. "Mupaka ile siku hakuna mutu ataligusa."

Jiwe lilifungwa katika kipande cha kitenge cha mama, cha manjano, likawekwa ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda changu. Jumapili baada ya kanisa niliruhusiwa kulishika, lakini si kulifungua. Baba alisema jiwe la aina ile likipigwapigwa na upepo hupasuka. Nilitii. Nililipima uzito kiganjani, nikazungumza na mama. Nilikuwa nimekwisha mchagulia. Nilitaka la yai, na nilikuwa nimeandaa sababu zangu ili akianza kufikiri sana nimshinde.

Hapo katikati niliwahi kupata likizo, na lazima niitaje. Sikumbuki kama ulikuwa mwaka wetu wa pili au wa tatu. Ilikuwa siku za shule, lakini baba aliniambia nijiandae, tantine mmoja, yaani mama mmoja wa kanisani, aliyehamia Kaberebere amenialika. Nilikaa kwake karibu wiki. Nilikunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni, nililala kwenye godoro, watoto wake wakanifundisha kuendesha baiskeli iliyosimama magurudumu chini. Tantine alinibembeleza mno. Nikimwaga chai hakunigombeza, na mara mbili nilimkuta akinitazama huku ameshika shavu. Nilidhani ananipenda kwa sababu nina adabu. Niliporudi nyumbani nilimkuta baba amenyoa kichwa. Akasema chawa. Uani palikuwa na jivu jingi na mabenchi ya kanisa yalikuwa bado hayajarudishwa, akasema kulikuwa na maombi. Sikujali. Jioni nzima nilimsimulia habari za Kaberebere, naye akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza na maswali.

Miaka ikaenda. Nikawa msichana wa kuchota maji kwa kidumu kikubwa. Mama Rehema akaanza kuonekana kwetu. Alikuwa mjane wa Uvira, mfanyabiashara wa vitenge, mwenye kicheko kilichosikika kabla yeye hajafika, na Jumapili alituletea sombe, majani ya muhogo yaliyopondwa vizuri na kutiwa mafuta ya mawese. Nilimpenda kwa sababu ya sombe. Baba alianza kuvaa shati lake la kola siku za kazi, na mimi, mjanja niliyewaona wanakwaya na bia zao, sikuona kitu.

Kisha baba akaja na jiwe likiwa tayari limebandikwa kwenye kijiti. Hilo lilikuwa jambo geni kidogo, maana kubandika tulizoea kufanya pamoja, mimi nikipuliza makaa. Akasema ni la mtu wa Mbarara na kwamba tulifanye kwa uangalifu. Nikazungusha. Nikamwaga maji. Lilikuwa la kijani, lakini mawe ya kijani yalikuwa mengi, ndiyo yaliyotoka sana kwetu. Na jiwe likiwa juu ya nta nyeusi mwanga hauwezi kupita, kwa hiyo lote lilionekana kijani kinachokaribia weusi, limepakwa uji mweupe wa kusaga. Ganda lake lilikuwa limeshatoka. Ningelijuaje?

Tulilifanyia kazi kila jioni nilipotoka shule. Sijawahi kumwona baba akiwa mpole namna ile na jiwe. Mwishoni, tulipofika kwenye ngozi, alininyooshea kijiti akaniambia nimalizie mimi. Hakuwahi kuniachia jiwe la mteja. Yeye akashika pedali, baba mzima akizungusha kwa ajili yangu, na mimi nikasugua ule mgongo kwa unga mweupe hadi mstari wa mwanga ukapita umenyooka bila kujikunja popote. Nilimgeukia, nikasubiri anisifu. Alikuwa ametazama chini.

Nilipofunga shule alinichukua kwenda Mbarara kulipeleka kwa sonara. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona mji huu. Sonara alikuwa Mnyankole mnene mwenye duka dogo lenye dirisha moja, naye alilifungua lile jiwe kutoka kwenye karatasi, akaliramba bila aibu, akaliinua dirishani.

"Ssebo, hii ulikuwa umeficha wapi?" alisema. "Iko na rangi mbili. Njoo ona, ka-mutoto, huku kijani, huku pinki."

Akaniinamishia. Nikaona. Upande mmoja, ndani kabisa, ile rangi ya waridi ilikuwa imewaka. Nilimtazama baba, na baba akaona kwamba nimeona. Akamgeukia sonara, wakaanza kuzungumza habari za cheni ya fedha.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mtu mzima angeelewa, na mimi nilikuwa mtoto. Sikukasirika. Niliona furaha ikinipanda hadi masikioni. Jiwe lingechongwa siku mama atakapofika. Baba mwenyewe alisema. Na sasa limechongwa, tena la yai, kama nilivyotaka. Basi mama amefika. Labda yuko kwenye kambi ya mapokezi, anasubiri karatasi. Labda alimtumia baba ujumbe, amechagua umbo kwa simu, na baba ananificha ili nishtuke kwa furaha. Ndiyo maana aliniachia kumalizia. Nilimsamehe siri yake papo hapo. Tulirudi juu ya lori la mahindi, na mimi sikumwuliza kitu, nikiogopa kumharibia.

Nyumbani nilingoja atoke, nikavuta kopo, nikafungua kitenge kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Ndani mlikuwa na kokoto la kawaida la barabarani, la ukubwa ule ule, uzito ule ule. Nilicheka, jamani. Nilicheka peke yangu nikiwa nimepiga magoti, nikiwaza jinsi baba alivyojisumbua kutafuta kokoto linalofanana. Nikalifunga tena vizuri ili asijue.

Siku zilizofuata nilifanya kazi ambazo hakuna aliyenituma. Nilikandika ukuta uliokuwa umepasuka. Nilifua blanketi. Nilimwomba jirani anisuke nywele mistari ya kurudi nyuma, kwa sababu baba aliwahi kusema mama alipenda hivyo. Shuleni nilimwambia rafiki yangu kwamba mama amefika, na ilipofika jioni darasa zima lilikuwa linajua. Baba aliniona nikifagia hadi nyuma ya choo. Akaniuliza leo kuna nini. Nikamjibu nafagia tu, nikamtabasamia kwa namna ya kumwonyesha kwamba najua na sitasema. Aligeuka akaingia ndani. Hapo alikuwa ameelewa nilichokuwa nawaza, lazima alikuwa ameelewa, na bado aliniacha.

Jumamosi walikuja wageni. Wazee wawili wa kanisa, wake zao, sahani za wali, soda kwenye ndoo ya maji. Baba alivaa shati la kola. Mimi nilitoka ndani na gauni langu la Noeli lililokuwa limenibana, nikasimama mlangoni. Mama Rehema aliingia uani na kitenge kipya, dada zake wawili nyuma yake, wakiimba. Nikaangalia nyuma ya dada zake. Nikaangalia njiani. Nilidhani mama amebaki nyuma kidogo, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, mtu wa kufikiri.

"Mama iko wapi?" niliuliza.

Wimbo ukafa. Mke wa mzee mmoja akashika mdomo. Mama Rehema alinitazama, akazitazama nywele zangu, ukuta, uwanja uliofagiwa, kisha akamgeukia baba.

"Haukumwambia?"

Baba alikuwa akitazama mikono yake. Mama Rehema hakungoja jibu. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye baiskeli yetu, akakaa chini kwenye udongo na kitenge chake kipya.

"Mutoto wangu, mama yako alikufa," alisema. "Alikufia mu njia, kabla hata mufike hapa. Mutu wa kwenu alileta habari. Tulimulilia hapa uani, mu hii lupango, ile wiki ulienda Kaberebere. Papa yako alisema atakuambia yeye mwenyewe, na miye nilijua alishakuambia."

Mnajua nilichowaza kwanza? Chai ya maziwa. Niliwaza vikombe vyote nilivyokunywa wiki ile, na lile godoro, na jinsi nilivyojifunza baiskeli nikipiga kelele za furaha kwenye mteremko, wakati watu wamekaa kwenye mabenchi uani kwetu wakimlilia mama yangu. Kisha nikawaza lile shavu la tantine. Alijua. Mchungaji alijua, alipokuwa akiniwekea mkono kichwani. Wanakwaya walijua. Kambi nzima ilijua, na kila mmoja aliniona nikimngoja mama akaniacha nimngoje.

Mama Rehema alirudi mbele, nikamsikia akisema na baba kwa sauti ya chini yenye ukali, akarudi na lile jiwe katika cheni yake ya fedha. Baba alikuwa nalo mfukoni, lilikuwa la kumvika Mama Rehema siku ile mbele ya wazee. Alilitia kiganjani mwangu.

"Hii ni yako. Ni ya mama yako."

Lilikuwa zuri. Niseme kweli, lilikuwa jiwe zuri kuliko yote tuliyowahi kutengeneza, na mng'ao wake ulikuwa wangu, kila sehemu yake niliisugua mwenyewe. Nililirudisha.

"Hapana," nikamwambia. "Ya mama haijachongwa."

Hakukuwa na posa siku ile. Wageni walikula wali wakaondoka. Mama Rehema alikaa miezi kadhaa bila kukanyaga kwetu, na alipokubali hatimaye kuolewa na baba, hakuwahi kulivaa lile jiwe, wala sijui aliliweka wapi. Alikuwa mama mzuri kwangu, na mtu mzima pekee aliyeniambia ukweli bila kusukumwa. Kama kuna kosa la kumlaumia, sijalipata. Baba ndiye niliyemkasirikia. Sikuzungusha pedali tena. Aliniomba mara moja, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, nikamwambia nina kazi za shule. Baada ya hapo nilimsikia akijaribu kuzungusha kwa mkono mmoja na kushika kijiti kwa mwingine, jiwe likikauka, likilia vibaya, naye akisimama kila mara kumwagia maji. Nilikuwa ndani, nasikia yote. Sikutoka.

Kwa miaka mingi niliamini jambo moja jepesi, kwamba baba alinidanganya ili aoe. Hasira ya namna hiyo ni rahisi kuibeba. Nilikuja nayo Mbarara nilipokuja kujifunza kushona, na nilipomtembelea likizo nilikuwa mtoto mwenye heshima asiyezungumza lolote. Hesabu yangu ilikuwa na kasoro ambayo sikutaka kuitazama. Mama Rehema alianza kuja kwetu miaka baadaye. Matanga yale yalipokaliwa, baba hakuwa na mwanamke yeyote wa kumwoa. Alikuwa na mimi tu. Basi alinidanganya kwa ajili ya nani?

Mwaka jana alikuja kwangu kutibiwa macho, yale macho yaliyotazama mistari ya mwanga maisha yote. Tulikaa kibarazani baada ya chakula. Amezeeka, na sauti yake imekuwa nyembamba. Sikuwa nimepanga kumwuliza. Nilijikuta nimemwuliza kwa nini hakuniambia nilipotoka Kaberebere, wakati kila mtu alikuwa bado ana machozi.

"Nilitaka kukuambia ile jioni," alisema. "Weye ukaanza kunisimulia, kisha ukasema hii nitamusimulia mama, na hii pia. Nikaona batu bote bamemuzika, na miye pia. Ni kwako tu alikuwa angali muzima. Nilikuwa narudi ku shamba, nakusikia unasema naye mu chumba, nasimama ku mulango nasikiliza. Ningekuambia, ningeenda kumusikia wapi tena?"

Sikuwa nimejua kwamba alisimama mlangoni. Nilikuwa mtoto anayezungumza na kopo, nikidhani niko peke yangu na mama, na yeye upande wa pili wa ukuta alikuwa akijilisha maneno yangu, Jumapili baada ya Jumapili. Nilimwonea huruma. Na huruma ile haikuondoa kitu; ile hasira niliikuta palepale, ila sasa ilikuwa na mwenyewe, mtu mnyonge wa macho mabovu aliyekaa kwenye mkeka wangu.

"Papa," nilimwambia, "mulimulilia bote pamoja. Miye mukaniacha namungoja peke yangu."

Akasema ndiyo. Nikainuka kukusanya vyombo.